Mama Hagombezwi

Butiama,
19 Januari 2025

Dada Gaudensia,

Habari za Musoma, habari za shemeji Stanslaus na kile kifua chake? Sisi huku wazima, Hilda wifi yako anakusalimia sana. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa dume, kwa hiyo maziwa tutapata ila cha kujivunia sina. Mihogo imeshika vizuri, tatizo ni nguruwe wa jirani wameshaijua njia. Ukimwambia, anasema nguruwe si wake. Wa nani basi? Walishuka mbinguni?

Najua unashangaa kaka yako anaandika barua dunia hii ya simu. Simu ninayo. Ila herufi za simu sizioni, meseji zangu zote ananisomeaga Mama, na hili ninalotaka kukwambia linamhusu Mama mwenyewe. Nikipiga napo, nyumba hii ukikohoa chumbani sebuleni wanakupa pole. Kwa hiyo naandika nikiwa shambani, nitampa Stellah muuza dagaa aje nayo akirudi huko. Wewe ukijibu andika herufi kubwa.

Mama ninayemsema ni huyu Boke wangu. Unajua mwenyewe, tangu tumpe jina la marehemu mama yetu hakuna anayemwita Boke hapa nyumbani. Mimi baba yake ndiye ninayempa shikamoo asubuhi, yeye anaitika, tunacheka. Ndivyo tulivyolelewa, mwenye jina la mama ni mama. Sasa yuko kidato cha tatu, mrefu kunizidi, na shikamoo yangu hajawahi kuikosa.

Mkuu wa shule aliniita. Nikavaa shati la kanisani nikaenda. Akaniwekea chupa ya maji mezani. Nikamwambia mwalimu asante, sina kiu. Akasema fungua unuse. Nikafungua, nikanusa, nikaifunga haraka. Dada, ilikuwa gongo. Ilitoka kwenye begi la Mama. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa malapa.

Tulirudi wote kwa miguu. Njia nzima natafuta neno. Mwishowe nikamwambia, "Mama, leo jua kali." Akasema, "Kali kweli, baba." Hayo ndiyo maongezi niliyoongea na mwanangu siku niliyojua anakunywa.

Nitamgombezaje? Tangu lini mtu akamgombeza mama yake? Hilda naye anasema hawezi kumfokea mama mkwe. Wewe ni shangazi, halafu wewe ndiye mwenye semina zako za vijana parokiani, unasimama mbele za watu na kipaza sauti. Shule imemsimamisha kwa muda. Naomba aje kwako, uongee naye.

Usimwambie shemeji sababu. Sema anakuja kukusaidia kazi.

Kaka yako huyu aliyekosa pa kuficha uso,
Mseti


Musoma,
2 Februari 2025

Kaka Mseti,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka dagaa, Stellah aliiweka humo humo kwenye gunia. Shemeji yako anaendelea vizuri, dawa anakunywa akikumbushwa. Binti yangu Jeska bado yuko Bunda, amefungua saluni yake Manyamanyama, wateja wanakuja. Mwambie wifi Hilda kile kitenge nimekipata.

Kuhusu Mama, mlete. Mlete hata kesho. Kaka, mimi vijana nawajua. Kila mwezi naongea nao, nina picha za maini yaliyooza, nina picha za watu waliolala mitaroni, nikizionyesha ukumbi mzima unanyamaza kimya. Kijana anataka kuambiwa ukweli waziwazi, aogope. Ninyi mnamlea kama yai, mnampa shikamoo, unategemea nini? Mimi sitamwogopa, jina au si jina.

Ila kuna kitu nimejiuliza. Haya mambo ameyatoa wapi? Sisi ukoo wetu hauna mlevi. Baba hakugusa, wewe unaonja tu siku za sherehe, mama yetu mwenyewe alikufa na presha. Fikiria vizuri, nani kamfundisha? Nijibu hilo.

Nawaombea,
Gaudensia


Butiama,
23 Machi 2025

Dada Gaudensia,

Salamu nyingi. Mvua zimeanza, barabara ya kwetu imekuwa tope tupu. Nguruwe wamerudi. Hilda amekishona kitenge, amependeza hadi nimemwambia.

Mama amekaa kwako tangu mwezi uliopita na sijasikia chochote. Umeongea naye? Alisemaje? Anakula? Nikimpigia ananiambia, "Niko salama, baba," basi, anakata.

Lile swali lako la nani kamfundisha nalifikiria.

Nisalimie Mama. Mwambie nampa shikamoo.

Mseti


Musoma,
11 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Ulipopiga siku zile nilikuwa namwambia shemeji yako apokee aseme nimetoka, na nimekaa hapo hapo. Wote wazima hapa. Ziwa limetulia, sato wamejaa sokoni, sina hamu nao.

Boke hayuko kwangu. Tulia kwanza usome mpaka mwisho. Yuko Manyamanyama kwa Jeska, anasuka nywele pale saluni, Stellah amemwona kwa macho yake alipokwenda Bunda na dagaa. Ni mzima. Alikwenda mwenyewe, aliondoka Jumatatu baada ya semina yetu.

Nikueleze ilivyokuwa. Tangu afike sikuongea naye. Nilimwambia osha vyombo, fagia, twende kanisani. Kila siku nasema kesho. Wewe unajua nilivyojigamba kwenye barua, kumbe nikimwangalia usoni namwona mama, maneno yananikauka. Basi ikafika semina. Boke nilimpa kazi ya kugawa maji. Nikashika kipaza sauti, na pale mbele ya watu sikuogopa kitu. Nikasema, "Vijana, kuna binti wa familia nzuri tu, amebeba jina la bibi yake mcha Mungu, na leo hii binti huyo mdomo unanuka gongo." Sikumtaja. Lakini wote walikuwa wanajua mgeni wangu anaitwa Boke kwa jina la bibi yake, maana mimi mwenyewe niliwaambia kwa kujisifu alipofika. Vichwa vikageuka. Yeye kasimama katikati na sinia la vikombe.

Kaka, nilipigiwa makofi. Paroko alinishika mkono.

Boke alimaliza kugawa maji. Akakusanya vikombe, akaviosha vyote, akavipanga. Nyumbani, jikoni, ndipo aliponiambia neno moja. Neno lenyewe sitaliandika hapa. Asubuhi hakuwepo.

Tangu siku hiyo sijashika kile kipaza sauti. Nimesema nina mafua.

Gaudensia


Butiama,
25 Mei 2025

Gaudensia,

Habari.

Nimesoma. Nilitaka kukuandikia matusi, Hilda akanikataza, kwa hiyo nimengoja hasira ipungue na bado haijapungua. Mtoto nimekupa umfiche, wewe umempandisha jukwaani! Ungempigia mluzi tu sokoni watu wamtazame, ingekuwa nafuu. Semina, semina. Picha za maini!

Nilikwenda Bunda. Nikakaa stendi tangu asubuhi, nikanywa chai ambayo sikuitaka. Baadaye nikafika saluni. Jeska akaingia ndani kumwita, nikamsikia Mama nyuma ya pazia, hakuongea kwa kelele, alisema tu, "Mwambie baba, siku akiwa tayari kunieleza bibi alikufaje ndiyo aje."

Nikasimama pale na mfuko wangu wa karanga nilizomletea. Wanawake walio kwenye viti wote wananitazama kwenye kioo. Nikampa Jeska karanga, nikaondoka. Nimerudi Butiama bila kumwona mwanangu, na yeye alikuwa nyuma ya kitambaa.

Nani kamwambia aulize hivyo? Ni wewe? Na lile neno la jikoni ni neno gani? Mbona unanificha?

Mseti


Musoma,
6 Julai 2025

Kaka yangu Mseti,

Shikamoo. Matusi yako yote nimeyapokea hata kabla hujayaandika. Shemeji yako anakohoa tena kidogo, Jeska alikuja na kurudi. Habari za nyumba ndizo hizo, sina nyingine, niingie kwenye lenyewe.

Neno la jikoni ni hili. Aliniambia bila hasira, anafuta mikono: "Shangazi, lakini siku ya kumbukumbu ya bibi, kile kikombe si wewe ulinijazia? Ukasema kunywa Mama, umetoka mbali."

Ni kweli. Desemba iliyopita tu. Mimi nilikuuliza nani kamfundisha, wewe ukasema unafikiria, na sote tulijua. Kila mwaka baada ya misa ya mama, pombe ya mtama ikishachujwa, nani hunywa kwanza? Mwenye jina. Tangu hajaota meno ya pili tunampa kile kikombe cha bluu cha mama, anakunja uso, ukoo mzima unapiga vigelegele, "Mama ameonja! Tunyweni sasa!" Na akimaliza chote tunasema huyu ni mama mtupu, karudi. Wajomba wanamwongezea. Gongo yenyewe alionjeshwa hapo hapo, kwenye kikombe hicho hicho, na sisi tupo.

Nimekwenda Bunda, kaka. Sikwenda na picha. Nilimwomba msamaha mbele ya Jeska na mbele ya mteja aliyekuwa na nywele nusu, kwa sababu nilimwaibisha mbele za watu. Halafu nikamuuliza, na nikajibana nisimkatize. Ni kazi ngumu! Mara tatu nilifungua mdomo nihubiri, nikaufunga. Alichosema ni hiki: nyumbani kila mtu anamheshimu na hakuna anayeongea naye. Shuleni kuna msichana alikuwa anamsumbua, hakuwa na wa kumwambia, maana baba akimwona anasema shikamoo Mama na kupita. "Siku moja tu kwa mwaka baba ananishika bega na kucheka na mimi. Ni siku ninayokunywa." Alisema hivyo, kaka. Nilitaka ardhi ipasuke.

Bibi alikufaje, hakuna aliyemwambia aulize. Kasikia watoto wa kisimani wakisema maneno juu yetu. Na sisi tunaposema presha tunatazama chini, mtoto si kipofu.

Sasa nitaandika kitu ambacho tangu siku ile hatujakisema mimi na wewe hata tukiwa wawili. Mama hakufa na presha. Alitoka kunywa, akaanguka kwenye mfereji wa shamba, maji yenyewe hayafiki magotini. Wewe ulimbeba. Kikombe kilikuwa kwenye kidole chake na ni wewe uliyekitoa. Mimi nilimfuta tope, nikambadilisha gauni, nikamchana nywele, ndipo tukatuma mtu kwa katekista. Kikombe nilikiosha mimi. Nikakiweka kabatini. Boke alipozaliwa tukakitoa.

Kaka, tumempa mtoto kikombe kilichomuua mama, tukampigia vigelegele. Halafu nikasimama na kipaza sauti kumsema.

Amekwambia uende ukiwa tayari. Nenda. Usiende na hotuba, hotuba nilishatoa mimi. Mweleze tu, na akikuuliza mjibu alichouliza.

Gaudensia wako


Butiama,
14 Septemba 2025

Dada Gaudensia,

Natumaini hii inakukuta vizuri na shemeji anapumua. Hilda anakusalimia, anasema vitenge vya safari hii viwe viwili. Jirani amekubali nguruwe ni wake, baada ya mmoja kuvunjika mguu akataka nimlipe. Binadamu! Mihogo iliyobaki tumevuna.

Barua yako niliisoma nikaichoma. Nikakaa na majivu yake siku nyingi, nikitafuta kosa lako ili nikasirike. Sikulipata. Mwezi wa nane nikaenda Bunda.

Alikuwa anamsuka mtu. Nikasema nitangoja, nikakaa kwenye benchi katikati ya wanawake, mzee mzima, na taulo la mtu begani kwa sababu hapakuwa na pa kuliweka. Alipomaliza tukaenda nyuma, kwenye pipa la maji. Nikamwita Boke. Dada, ulimi uligoma, jina lilitoka kama la mtu nisiyemjua. Na yeye akageuka kutazama nyuma yake ni nani anaitwa.

Nikamweleza. Mfereji, tope, gauni, kidole, yote. Nilikuwa natazama pipa. Akaniuliza, "Na kikombe mlichokuwa mnanipa ni hicho hicho?" Nikasema ndiyo. "Mkijua?" Nikasema tukijua. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Akachota maji akanawa uso, akarudi akakaa. Akasema, "Mimi nilikuwa nadhani kunywa ndiyo kazi ya jina langu." Nililia, dada. Nililia pale nyuma ya saluni mpaka yule mwenye taulo akaja kulichukua, akaliacha.

Nikakumbuka ulivyosema nisihubiri. Kwa hiyo nikamuuliza kitu ambacho sijawahi kumuuliza tangu azaliwe. Nilimuuliza, "Umeshindaje?" Akaanza kunieleza habari za mteja aliyekataa kulipa, za huyo msichana wa shule, za gongo anaipataga wapi na kwa nani. Mengine yaliniuma, nikang'ata meno nikasikiliza. Basi la jioni likatuacha.

Amerudi nyumbani. Shule wamempokea, matroni anaongea naye kila Ijumaa, mama mmoja mpole tu, hana kipaza sauti. Usinune, nakutania.

Desemba, baada ya misa, watu watakapokaa wakingoja mwenye jina aonje, nitasimama niwaambie mama yetu alikufaje. Wajomba watakasirika. Mjomba Wambura amesikia tetesi, ameshasema namvua marehemu nguo. Nimemjibu nguo tulimvalisha sisi, mimi na dada yangu, na tulimvalisha kwa ajili yetu. Naomba siku hiyo usimame pembeni yangu. Peke yangu sitaweza, nimejaribu kuyasema kwa sauti zizini nikashindwa hata mbele ya ng'ombe. Kikombe kiko kabatini, sijui tukifanyeje. Boke anasema tusikitupe, kikae hapo hapo watu wakijue.

Nikwambie la mwisho, kwa sababu nimekataa kuficha tena. Usidhani amepona. Juma lililopita alikunywa. Mimi sikujua, hakuna aliyemwona, chupa alishaitupa, ningelala usingizi wangu na kusema Mungu mkubwa. Asubuhi nilikuwa nakamua. Akaja akasimama mlangoni mwa zizi, macho mekundu, akasema, "Jana nilikunywa, baba. Nimekuja kukwambia."

Mkono wangu ulikuwa umeshika chuchu ya ng'ombe, nikaendelea kukamua hewa. Nilitaka kusema maneno mengi, yote mabaya. Nikamsogezea kigoda. Nikamwambia, "Kaa, Boke. Nieleze."

Akakaa. Halafu, kabla hajaanza kunieleza, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, baba."

Dada, mtoto huyu ana miaka kumi na saba na nilikuwa sijawahi kumwitikia. Nilitafuta neno lenyewe kama mtu aliyelisahau. Nikasema, marahaba mwanangu.

Mseti